Sajini aliyerudi kwenye nyumba yenye ratiba yake

Mwenye kisa hiki alikuwa na miaka 43 alipovua sare. Alikuwa amelitumikia jeshi miaka 22, nusu ya mwisho akiwa bohari ya kikosi, na aliondoka na cheo cha sajini, rekodi safi na kiinua mgongo kilicholipwa kwa wakati. Hakufukuzwa, hakujeruhiwa, hakuwa na kesi. Ukiwauliza maofisa wake, watakwambia alistaafu vizuri. Mwezi wa saba baada ya hapo mkewe alimwambia waziwazi kwamba asipotafuta mtu wa kuzungumza naye, yeye atachukua watoto aende kwa dada yake.

Nimekiunga kisa hiki kutokana na hali zinazojirudia kwa wanajeshi wengi wanaorudi uraiani, ili nisimwanike mtu yeyote. Nimechagua makusudi mtu asiye na jeraha kubwa. Aliyepoteza mguu vitani kila mtu anamwona na kumhurumia. Huyu wa kwetu anatembea wima, amenyoa vizuri, ana pensheni, halafu nyumba yake inavunjika na hakuna anayeelewa kwa nini, yeye mwenyewe akiwemo.

Kilichomfikisha mkewe kwenye kauli ile kilitokea Jumamosi asubuhi. Baba aliingia chumbani kwa kijana wake wa miaka 15 saa tatu, akakuta bado amelala. Akamwita mara moja. Kijana akajigeuzia ukutani. Baba akalishika godoro kwa pembe mbili akalipindua, mtoto akaanguka sakafuni pamoja na shuka. Hakumpiga. Alisimama mlangoni akasema, "Dakika tano, chumba kiwe tayari kwa ukaguzi." Kijana alitandika kitanda, akavaa viatu, akatoka bila kuaga, akalala kwa rafiki yake siku mbili.

Kwa baba, hakuna kosa lililofanyika hapo. Yeye mwenyewe alipinduliwa godoro akiwa kuruta, akaja kuwapindulia wengine, na baadhi ya hao walimfuata miaka baadaye kumshukuru. Lakini mama alimjibu kwa maneno ambayo mimi nayaona ndiyo kiini cha kisa kizima: "Baba watoto, Jumamosi huyu tulikubaliana alale. Wiki nzima anaamka alfajiri kwenda shule. Wewe hukuwepo tulipokubaliana."

Nyumba, kumbe, ilikuwa na taratibu zake. Baba alidhani ameingia mahali pasipo na nidhamu, naye akaanza kuijenga. Ukweli ni kwamba aliingia kwenye eneo lenye mkuu wake, lenye amri zake za kudumu, akaanza kutoa amri juu ya amri bila kukabidhiwa chochote. Angefanya hivyo jeshini angewekwa ndani.

Ndugu walikuwa na maelezo yao: vita imemharibu. Miaka tisa kabla ya kustaafu alikwenda kulinda amani nje ya nchi, na gari lililokuwa mbele ya lake kwenye msafara lilikanyaga bomu la kutegwa ardhini. Kila alipopandisha sauti, shemeji na wajomba walilitaja bomu lile. Maelezo haya yanavutia kwa sababu yana huruma ndani yake, na kwa mwanajeshi mwingine yangekuwa sahihi kabisa. Ndiyo maana hayakupuuzwa. Alipelekwa kwa mtaalamu wa afya ya akili, akapimwa.

Kiwewe cha baada ya tukio la kutisha kiliingizwa rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Toleo la 2013 linataka dalili za makundi manne zidumu zaidi ya mwezi mmoja: tukio kumrudia mtu katika ndoto au mawazo asiyoyataka, kukwepa kila kinachomkumbusha, mawazo na hisia kugeuka giza, na mwili kuwa katika tahadhari isiyozimika. Kuna dodoso la maswali 20, kila swali likipewa alama 0 hadi 4, na jumla inayofika 31 hadi 33 huonyesha kwamba mtu achunguzwe zaidi. Alama za sajini zilikuwa chini sana ya hapo. Msafara ule haumjii usingizini. Anausimulia kwa huzuni lakini bila kutetemeka, na hakuna barabara anayoiogopa. Dalili zilizojaza dodoso lake zilikuwa usingizi mbovu, hasira za ghafla na kukosa hamu, na zote zilianza baada ya kurudisha vifaa bohari, si baada ya bomu.

Mtaalamu alizungumzia tatizo la kuzoea mabadiliko: mtu anapatwa na mabadiliko makubwa, na ndani ya miezi mitatu anaanza kusononeka au kuharibikiwa kikazi na kifamilia kupita kiasi kinachotarajiwa. Wapo wanaolisikia hili wakadhani ni jina la ugonjwa mdogo. Siyo dogo. Ndoa zinakufa nalo, na watu wanakufa nalo.

Hili la mwisho halisemwi vya kutosha. Utafiti uliofanywa Marekani kwa walioacha jeshi ulionyesha kuwa hatari ya kujiua inapanda katika mwaka wa kwanza, hasa kati ya mwezi wa 6 na wa 12, wakati sherehe za kuagwa zimesahaulika na hakuna anayepiga simu tena. Uingereza nako ilionekana kwamba vijana wa kiume wa miaka 24 kushuka chini wanaotoka jeshini wamo hatarini zaidi kuliko wenzao waliobaki. Sajini alikuwa mwezi wa saba. Kwa hiyo swali la kwanza aliloulizwa, kabla ya habari za mtoto na godoro, lilikuwa la moja kwa moja: je, umefikiria kujiua? Kumuuliza mtu hivyo hakumpandikizii wazo, tena wengi hupumua wanapoulizwa. Alikaa kimya, akasema hajapanga lolote, ila kuna asubuhi huona kwamba nyumba ile ingekwenda vizuri zaidi bila yeye. Jibu hilo lilibadilisha kasi ya kila kitu kilichofuata. Walipatana yeye atampigia nani simu usiku ikifika hali hiyo, na silaha yake binafsi ikapelekwa kuhifadhiwa mahali pengine. Hakubisha. Alitaka tu apewe karatasi ya makabidhiano, akapewa.

Asubuhi hizo zilikuwaje hasa? Alikuwa akiamka saa kumi na nusu bila saa ya kengele. Anaoga, ananyoa, anatandika, anang'arisha viatu. Saa kumi na mbili kasoro ameshakaa sebuleni, amevaa, tayari. Tayari kwa nini? Hakuna anayemhesabu, hakuna anayempangia kazi, hakuna atakayejua kama leo yupo au hayupo. Kuanzia hapo hadi usiku ni saa nyingi mno kwa mtu ambaye kwa miaka 22 hakuwahi kuamua peke yake ale saa ngapi.

Mwanasosholojia Erving Goffman, akiandika mwaka 1961, aliziweka kambi za jeshi kundi moja na monasteri, magereza na hospitali za wagonjwa wa akili: mahali ambapo mtu analala, anafanya kazi na anapumzika pamoja na watu walewale, chini ya mamlaka ileile, kwa ratiba iliyopangwa na wengine. Mwanajeshi anaweza kukasirika kuwekwa kundi hilo, lakini maelezo hayo yanatusaidia kuona uzito wa kuondoka. Raia akiacha kazi amepoteza kazi. Mwanajeshi akiacha kazi amepoteza saa, nguo, majirani, chakula cha pamoja, jina analoitwa, na mtu wa kumwambia kesho anatakiwa wapi. Vyote kwa siku moja, kwa sahihi moja.

Ndiyo maana siukubali ushauri ambao karibu kila mstaafu hupewa, wa kwamba asahau mambo ya jeshi. Asahau apate nini? Kuamka mapema, kutunza vitu, kutimiza ahadi kwa dakika, kumjali aliye chini yako kabla hujala wewe: hayo ndiyo mali aliyotoka nayo. Shida ni kwamba mali hiyo ilikuwa haina pa kutumika, ikaishia kutumika kwenye kitanda cha mtoto.

Turudi kwenye ndoa, maana hapo ndipo kisa kilipo. Walikuwa wameoana miaka 17. Walipoulizwa ni lini waliwahi kuishi pamoja mwaka mzima mfululizo, walitazamana. Hawakuwahi. Mume alikuwa kambini, kozini, mpakani, nje ya nchi, na nyumbani alikuja likizo. Likizo ina sheria zake: watoto wanalala wamechelewa, madeni hayajadiliwi, mama anafumbia macho mengi kwa sababu siku zinahesabika. Kila mmoja alimfahamu mwenzake wa likizo. Aliyestaafu akarudi na masanduku yote ni mtu ambaye mke hakuwahi kuishi naye, na mume naye alimkuta mwanamke ambaye kwa miaka yote hiyo aliamua peke yake ada, matengenezo ya paa, homa za usiku na mikutano ya shule, huku akiwa mwajiriwa.

Pauline Boss, mtafiti wa Marekani aliyeanza kwa kuchunguza familia za wanajeshi waliopotea Vietnam, alionyesha jinsi familia inavyoteseka isipojua nani yumo na nani hayumo. Mume ambaye hajulikani yu hai au amekufa ni hali ya kutisha kuliko hii, sitaki kuzilinganisha. Lakini swali ni lilelile likija kwa upande mwingine: huyu aliyekuwa hayumo, sasa yumo, anaingia nafasi ipi? Watoto walishajua wa kumwomba ruhusa ni mama. Binti wa miaka 11, akiwa hapohapo mbele ya baba, alikuwa akimpigia mama simu kazini kuuliza kama anaweza kwenda kucheza. Baba aliona dharau. Mtoto alifuata utaratibu.

Halafu likajitokeza jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Mkewe alilalamika kwamba huyu mtu hasikilizi. Unamwambia jambo jikoni, anaitikia, kesho anasema hakuambiwa. Binti ndiye aliyeumia zaidi, kwa kuwa baba alikuwa anamkatiza katikati ya sentensi au kumjibu kitu kingine kabisa. Wote walilichukulia kuwa kiburi cha cheo. Mshauri mmoja, na ninampongeza kwa hili, akauliza kama amewahi kupimwa masikio tangu astaafu. Hakuwahi.

Kipimo kilionyesha shimo, yaani usikivu ulioshuka, kwenye sauti nyembamba za masafa ya hertzi 4000, masikio yote mawili, la kushoto likizidi. Hiyo ni alama inayojulikana ya masikio yaliyoumizwa na kelele. Mlio wa bunduki ya kivita hupita desibeli 140 kwenye sikio la mpigaji, na enzi za ukuruta wake kuziba masikio uwanja wa shabaha kulionekana ni uoga. Seli nyeti za sikio la ndani zikifa hazioti tena. Mtu wa namna hii anasikia mlango ukigongwa, anasikia gari, anasikia sauti nzito ya mwanamume mwenzake. Kinachompotea ni sauti nyembamba na herufi kama s, f na t, hasa maji yakiwa yanatiririka au redio ikiwa imewashwa. Yaani kinachompotea ni mke akiwa jikoni na binti wa miaka 11.

Alipewa vifaa vya kusikilizia, na familia ikaelekezwa kumwita kwanza, kumsubiri ageuke, ndipo waseme. Sehemu kubwa ya kile kilichoitwa kiburi iliondoka ndani ya wiki chache. Ningependa kila anayemshauri mstaafu wa jeshi aanze na masikio kabla hajaanza na tabia.

Kazini mambo yalikwenda vibaya kwa sababu nyingine. Barua zake za maombi zilitaja vyeo, kozi, vikosi na nishani. Mwajiri wa kiraia akizisoma anaona neno sajini, anafikiria lango na rungu. Kila alikokwenda alipewa ulinzi, na mwishowe akakubali kulinda lango la ghala moja la bidhaa. Hapo langoni, mtu aliyesimamia bohari miaka 11 alikuwa akitazama makasha yakitoka bila mpango: mzigo ulioingia jana unapakiwa leo, ule unaokaribia kuisha muda umebanwa nyuma ukutani. Akavumilia mwezi mmoja. Mwezi wa pili akamweleza meneja, mbele ya wapakiaji, kwamba ghala lake ni aibu. Alikuwa sahihi kuhusu ghala. Mwezi wa tatu hakuwa na kazi.

Jeshini kosa la kiutendaji unalitaja papo hapo, kwa sauti, kwa kuwa kuchelewa kunaweza kuua. Mahali pengi pa kazi uraiani, mkubwa akisahihishwa hadharani anasikia shambulio, hata kama maneno ni ya kweli. Sioni kwamba utaratibu wa kiraia ni bora. Unapoteza muda mwingi na makosa mengi yanaoza chini yake. Lakini ndio uliopo, na unafundishika kama kozi nyingine yoyote.

Kabla ya kustaafu alipewa mafunzo ya maandalizi: siku chache za mihadhara kuhusu pensheni, biashara ndogo na afya. Alipata cheti. Naona hapo ndipo mfumo ulipomwangusha, kwani mtu hajifunzi uraia kwa kukaa kwenye kiti. Uingereza ililijua hilo mwaka 1945, ilipofungua vituo 20 vya kuwarudisha uraiani wanajeshi waliokuwa mateka wa vita. Kuingia kulikuwa hiari. Waliishi pale wiki kadhaa, wakatembelea viwanda na ofisi kuona kazi zinavyofanyika, wakajaribu mikono yao kwenye karakana, wakaenda nyumbani wikendi na kurudi kueleza yaliyowakuta. Hadi Machi 1947 walikuwa wamepita wanaume zaidi ya 19,000. Walipewa nafasi ya kuzoea raia wakiwa bado wana wenzao wa kuwaelewa.

Kwa sajini, kitu kama hicho kilitengenezwa kwa mikono. Barua yake iliandikwa upya bila cheo hata kimoja: alisimamia hesabu ya vifaa vya watu wangapi, aina ngapi za vifaa, alipokea ukaguzi mara ngapi na upotevu ulikuwa kiasi gani. Kisha, badala ya kuomba kazi, aliomba kutembezwa kwenye maghala, siku moja kila ghala, aangalie na kuuliza. Ghala la tatu lilimwita tena. Leo ni msaidizi wa mtunza ghala, chini ya kijana wa miaka 27. Kuna siku linamchoma. Wamekubaliana kwamba makosa atayasema kila siku saa kumi jioni, ofisini, mlango ukiwa umefungwa, na kijana yule amekiri kwamba hiyo nusu saa imemfundisha kazi.

Nyumbani walifanya kikao ambacho yeye mwenyewe alikiita makabidhiano, na jina hilo lilimsaidia. Mke aliorodhesha kila anachokisimamia. Orodha ilijaza kurasa mbili, na mume aliisoma kimya kwa muda mrefu. Hakuchukua nusu. Alichukua vitu vitatu: matengenezo ya nyumba, kumpeleka binti shule, na chakula cha usiku siku mbili kwa wiki. Kwa mambo ya nidhamu ya kijana, kwa miezi sita hatoi amri yoyote mpya bila kuzungumza na mama kwanza. Hilo la mwisho lilimgharimu kuliko yote.

Usingizi ulitibiwa bila dawa. Muda wa kuamka ulibaki uleule aliouzoea, ila sasa ana pa kwenda: anatembea kwa saa nzima. Akikosa usingizi usiku, haendelei kugaagaa kitandani. Anatoka, anakaa kwenye mwanga hafifu, anarudi akisinzia. Kikundi cha wastaafu wenzake hakikumfaa mwanzoni, kwani kilikuwa ni pombe na kulaumu. Alirudi baadaye, walipoanza kusaidiana kuandika barua za kazi.

Fedha sizirefushi. Sehemu ya kiinua mgongo ilikwenda kwa ndugu na kwa rafiki wa zamani mwenye biashara isiyoonekana, kama inavyowatokea wengi. Fedha kubwa ikiingia wakati mtu hajui yeye ni nani tena, huitumia kununua heshima. Ingelipwa kwa awamu, au angalau ikakaa mwaka mmoja bila kuguswa, wengi wangesalimika.

Kijana bado hajapona. Anamjibu baba kwa adabu, neno moja moja, na anafunga mlango wa chumba kwa ufunguo. Baba aliomba msamaha kuhusu godoro. Mtoto alisema sawa. Baadhi ya siku wanarekebisha baiskeli pamoja, na baba ameambiwa asisukume zaidi ya hapo.

Mke ndiye aliyesahaulika katika mpango wote huu, na nalisema kama lawama kwa waliopanga. Aliendesha nyumba miaka 17 bila nishani, kisha akaombwa agawe mamlaka yake, afundishe, avumilie, wala asishukuriwe. Katika kikao kimoja alisema kwamba anamkosa mume wa likizo, halafu akalia kwa aibu ya kulisema. Hakuna sababu ya aibu: yule naye ameondoka, na hakuna aliyemuaga. Kuanzia mwezi ujao ana vikao vyake peke yake, na ada yake imewekwa kwenye bajeti ya nyumba kabla ya vifaa vya kurekebishia paa.